Tuambieni bei ya MB moja, hesabu nyingine tutajifanyia wenyewe

#1 Kisiki cha Mpingo (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nyuzi za bando humu ndani ni nyingi na karibu zote huishia kwenye neno "wezi". Mimi sina ushahidi kwamba MB zinaibwa, na hata ningekuwa nao mngeniambia niweke picha. Naanzia pengine, mahali ambapo kila mwenye simu anaweza kuhakiki sasa hivi alipokaa: mnunuzi wa intaneti Tanzania hajui ananunua kwa bei gani.

Petroli tunajua. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa lita, mji kwa mji, na kituo kinabandika bango barabarani. Unaweza kulalamika kwamba ni ghali, huwezi kusema hukujua. Sasa ingia menyu ya vifurushi ya mtandao wowote. Kuna vya siku, vya wiki, vya mwezi, vya chuo, vya usiku, vya mitandao ya kijamii pekee, vya mchanganyiko wenye dakika na SMS ambazo hukuziomba, halafu kuna kile kinachoitwa ofa yako wewe peke yako.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike. Mimi na mama watoto tupo mtandao mmoja. Juzi tumekaa sebuleni, tukaingia menyu ile ile kwa pesa ile ile, Sh 2,000. Yeye akawekewa MB nyingi kunizidi kwa karibu theluthi. Nikapiga huduma kwa wateja kuuliza. Nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba ofa hutegemea matumizi ya mteja. Matumizi yapi? Ukiwa mteja wa miaka mingi unapewa kidogo kwa kuwa wanajua huendi popote, au unapewa kingi kwa kuwa wanakuthamini? Dada wa kwenye simu hakuwa na jibu, na sidhani kama wamempa hilo jibu. Jina la kampuni nalihifadhi, maana ukiwataja hawa watu watakwambia wale wengine ndio wabaya, na hoja inaishia hapo.

Chukueni kalamu. Pesa uliyolipa gawanya kwa idadi ya MB. Kwa mfano (namba hizi ni za kufundishia, weka za kwako): Sh 500 ukapewa MB 120, umelipa Sh 4.17 kwa MB. Sh 5,000 ukapewa GB 2, yaani MB 2,048, umelipa Sh 2.44. Kwa hiyo yule wa kuungaunga, anayenunua cha mia tano kwa sababu hana elfu tano kwa mkupuo, analipa karibu asilimia 70 zaidi kwa bidhaa ile ile, kutoka mnara ule ule. Na bado chake kinakufa ndani ya saa 24.

Mtasema TCRA, mdhibiti wa mawasiliano, ipo. Ndiyo ipo, na ilifanya utafiti wa gharama ikaweka mipaka: MB ndani ya kifurushi iuzwe kati ya Sh 2.03 na Sh 9.35. Kila kelele zikipigwa, waziri au kampuni anatoka na sentensi moja, "bei zetu zimo ndani ya bei elekezi." Ebu igawe. 9.35 ni mara nne na nusu ya 2.03. Ndani ya uwazi huo unaweza kupandisha bei maradufu ukabaki mtu safi kabisa mbele ya sheria.

Nje ya kifurushi ndiko kwenye kilio. Tuseme ni Sh 9.35 ile ile kwa MB, salio la Sh 2,000 linakwisha ndani ya MB 214 hivi. Hiyo ni video ya dakika kumi na kidogo ikiwa picha ni safi. Mtu analala na salio la kumtumia bimkubwa vocha, anaamka na sifuri, anaanza kutafuta nani kamroga.

Nisiwachoshe, ila mkumbuke Aprili 2021. Kanuni mpya za vifurushi zilianza kutumika tarehe 2, siku ya Ijumaa Kuu, na kampuni zikaingia nazo na bei mpya. Nchi nzima ikawaka. Waziri wa wakati huo, Dk. Faustine Ndugulile, na TCRA wakasitisha zile bei, tukarudishwa za zamani. Tulishangilia. Lakini ndani ya zile kanuni kulikuwa na mambo ya maana kwa mteja, na yakazikwa kwenye kelele za bei: ujulishwe matumizi yakifika asilimia 75 na yakifika 100, uweze kumhamishia mtu mwingine bando lako, uweze kuongeza muda kabla halijaisha, uchague mwenyewe kama unataka kuendelea kwa salio la kawaida bando likikata, na kifurushi kikishaingia sokoni kikae angalau miezi mitatu bila kuchezewa. Nani humu anazitumia haki hizo? Ujumbe wa asilimia 75 unakufikia, au unakufikia ule wa "ndugu mteja umemaliza" tu?

Ninachotaka mimi ni kidogo. Kila kifurushi kwenye menyu kiandikwe bei ya MB moja pembeni. Na mtandao ukianguka kwa kosa lao, saa zilizopotea ziongezwe kwenye bando langu. Basi. Karibuni.

#2 Debe Tupu

Nasoma hii saa nane usiku kwa bando la popo. Mleta mada ungefupisha, umekula MB zangu zote.

#3 Mama Vitenge

Asante kaka kwa uzi. Mimi nauza vitenge Kariakoo na robo tatu ya wateja wangu wapo mikoani, wananiona kwenye simu. Kwangu bando ni sawa na kodi ya fremu, bila bando sijafungua duka.

Hilo la mtandao kuanguka umenigusa. Mnakumbuka Mei 2024, Jumapili ya tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika kule Afrika Kusini? Mtandao ukawa wa kuvizia kwa siku kadhaa. Mimi nilikuwa nimejiunga bando la siku, kubwa, kwa sababu nilikuwa na mzigo mpya wa kuonesha. Halikutumika. Saa 24 zikapita, likafa. Nikapiga simu kuuliza, nikajibiwa bando lako limeisha muda wake mama, unaweza kujiunga lingine. Nikamwambia mwanangu, hilo lingine nalo nitalitumia kwenye nini? Akacheka, nikacheka, basi.

Najua waya kukatika baharini si kosa la aliyepokea simu. Lakini pesa yangu walikuwa nayo, huduma hawakutoa. Mimi nikipokea pesa ya mteja wa Mbeya halafu basi likaharibika Mikumi, mzigo ukipotea namlipa. Simwambii muda wa kitenge chake umeisha.

Kingine ambacho mleta mada hukukitaja: huduma za kujiunga bila kujiunga. Unaweka vocha ya elfu, inaingia, baada ya muda unakuta mia tano. Ukifuatilia unaambiwa umejiunga na nyimbo za kupokelea simu, sijui dondoo za afya, sijui maswali ya kushinda pikipiki. Mimi? Saa ngapi?

#4 Fundi Antena

Shikamoo Mama Vitenge. Debe Tupu, maandishi ya uzi huu wote hayafiki hata MB moja, lala.

Mimi nipo kwenye kazi hizi za mitambo, si muajiriwa wa kampuni ya simu. Niseme kidogo kwa nini bando linaisha haraka kuliko zamani, kwa sababu asilimia kubwa ya anayedhani kaibiwa hajaibiwa, katumia.

Zamani ulikuwa na 3G. Video inagandaganda, inazunguka, unakata tamaa unaifunga. Sasa hivi 4G, na mjini kuna 5G. Programu za video zinapima kasi yako kimyakimya, zikiona njia ni nyeupe zinakupandishia ubora wa picha bila kukuuliza. Video ambayo kwa ubora wa kati ingekula kama nusu GB kwa saa, ikipanda mpaka ubora wa juu inakaribia GB 3 kwa saa. Kioo cha simu yako ni kile kile cha inchi sita, macho yako hayaoni tofauti, bando linaiona.

Pili, zile video fupi za kusukuma kwa kidole. Unapoangalia hii, inayofuata na ya baada yake zimeshaanza kupakuliwa ili zisikugandie. Ukizipita bila kuziangalia, umeshazilipia.

Tatu, watu wanachanganya Mbps na MB. Kampuni ikisema kasi ni Mbps 20, hiyo ni biti. Gawanya kwa nane, ni MB 2.5 kwa sekunde. Kwa mwendo huo GB 1 inakwisha chini ya dakika saba kama unapakua kitu mfululizo. Kwa hiyo mtu akiniambia "nimejiunga GB moja, sijafika hata Ubungo imeisha", mimi simwambii muongo. Namuuliza simu yake ilikuwa inafanya nini mfukoni. Mara nyingi ni picha zinajihifadhi zenyewe mtandaoni, programu zinajisasisha, na magrupu ya WhatsApp yanapakua kila video ya mahubiri na ya vichekesho.

Dawa: kwenye WhatsApp zima upakuaji wa moja kwa moja kwa data ya simu. Kwenye duka la programu chagua usasishaji kwa Wi-Fi pekee. Kwenye video shusha ubora kwa mkono, iache 360 au 480. Kompyuta ukiiunganisha na simu, iambie kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, la sivyo Windows itakunywa bando lote ikijisasisha. Na simu yenyewe ina kaunta ya matumizi, iwekee tarehe, linganisha na ya kampuni. Zikipishana sana, hapo ndipo uje na neno wezi, na uje na picha.

#5 Kobe wa Tabata

Fundi unawatetea waajiri wako wa baadaye. Kwa hiyo kosa ni letu kuangalia video kwenye simu za kuangalizia video?

#6 Fundi Antena

Sijasema ni kosa lenu. Nimesema mita yako ipo mfukoni, isome. Mleta mada anadai bei, mimi nadai kipimo. Ukiwa na vyote viwili hakuna wa kukuzungusha.

#7 Nilikuwa Ndani

Nimefanya kazi kampuni ya simu miaka kadhaa, nikaacha. Nitasema ambayo hamtayapenda.

Kwanza kodi. Kwenye muda wa maongezi na data, enzi zangu kulikuwa na ushuru wa bidhaa asilimia 17, halafu juu ya jumla hiyo inakuja VAT asilimia 18. Zidisha, unapata kama asilimia 38 juu ya bei halisi. Maana yake kwenye Sh 1,000 yako, karibu Sh 276 ilikuwa inakwenda serikalini kabla kampuni haijanunua hata lita ya dizeli. Mkiandamana kwenye ofisi za kampuni, pitieni na Hazina pia.

Pili minara. Mnara wa Masaki na mnara wa Mpanda ndanindani hauna gharama sawa wala mapato sawa. Huko ndani kuna mahali jenereta linaunguruma, mafuta yanapelekwa kwa gari mvua inyeshe isinyeshe, betri zinaibwa. Ndiyo maana kuna UCSAF, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaotoa ruzuku. Mwaka 2023 ulisainiwa mkataba wa minara 758 kwenye kata 713. Bila ruzuku hakuna anayejenga huko, mtu akijenga anajenga kwa hasara.

Tatu, muda wa bando kuisha. Uwezo wa mtandao ni kitu kinachoharibika. Nafasi ya mnara saa nne asubuhi isipotumika, imepotea, huwezi kuiweka kwenye friji uiuze saa mbili usiku. Muda wa kifurushi unaisaidia kampuni kukadiria watu wangapi watakuwa hewani lini. Na kuna jambo la kihasibu: bando ambalo halijatumika ni deni kwenye vitabu. Kampuni haiwezi kulihesabu kuwa pato mpaka ulitumie au life. Mkiwa na mabilioni ya MB zilizolala kwenye simu za watu, mhasibu halali.

#8 Kisiki cha Mpingo (mleta mada)

Nilikuwa Ndani, asante, huu ndio mchango. Kodi nakubali neno kwa neno, na hiyo 38 watu hawaijui.

Hapo kwenye muda ndipo tunaachana. Umesema nafasi ya mnara inaharibika. Sawa, inaharibika kila sekunde. Sasa MB zangu 300 zilizobaki jana usiku zilichukua nafasi gani ya mnara? Hazikuchukua, kwa sababu sikuzitumia. Nikizitumia leo saa nne asubuhi nitachukua nafasi ile ile ambayo ningechukua kwa bando jipya. Mnara haujui MB hii ni ya jana au ya leo. Kinachouumiza mnara ni watu wote kuwa hewani saa mbili usiku, na bando langu kufa saa sita usiku hakuupunguzii chochote. Kama shida ni msongamano, uzeni kwa bei ya msongamano, mchana rahisi na jioni ghali, na hilo mnalijua maana bando la usiku lipo. Kinachobaki kwenye hoja yako ni ile ya mhasibu. Hiyo naielewa vizuri sana: MB zikifa, deni linageuka pato, na hamkutoa kitu.

#9 Nilikuwa Ndani

Hapo sina la kuongeza, zaidi ya kukwambia kwamba kifurushi cha siku kisingekuwa na bei hiyo kama wote wangetumia mpaka mwisho. MB zinazokufa za wengine ndizo zinazoshusha bei yako.

#10 Kisiki cha Mpingo (mleta mada)

Kwa hiyo anayesahau anamlipia anayekumbuka. Sawa, angalau sasa imeandikwa.

#11 Mswahili wa Kilifi

Hamjambo majirani. Sisi huku Kenya tulipitia haya. Mwaka 2019 wakili Adrian Kamotho aliipeleka Safaricom mbele ya baraza la rufaa la masuala ya mawasiliano, akisema data aliyoinunua ni mali yake, haifai kufutwa na mtu. Oktoba mwaka huo huo Safaricom ikatoa data isiyokuwa na mwisho wa muda. Tukafurahi kweli.

Lakini niwaambieni yaliyofuata. Ile isiyoisha, ukigawa kama anavyogawa huyu bwana, ni ghali kwa kila MB kuliko zile za saa moja na za siku moja. Basi watu wengi bado wananunua za saa moja. Unaona vijana wamekaa barazani, ananunua GB ya saa moja, anapakua filamu zake mbiombio kabla ya dakika sitini kwisha, kisha anazima data. Haki ya kisheria tulipata, pesa ikaturudisha kule kule. Kwa hivyo mkidai, dai lenu liwe bando lililobaki likusanyike na jipya ukinunua kabla ya la zamani kwisha. Msidai "lisiloisha" peke yake, watawapa na watawapandishia.

#12 Kisiki cha Mpingo (mleta mada)

Mswahili wa Kilifi, umenipa kitu. Na hicho unachosema Afrika Kusini walikiweka kwenye kanuni za ICASA, mdhibiti wao wa mawasiliano, Machi 2019: mteja ajulishwe akifika asilimia 50, 80 na 100, apewe nafasi ya kusogeza mbele data iliyobaki, na asitozwe bei ya nje ya kifurushi bila ridhaa yake. Desemba ile Tume yao ya Ushindani ikaziambia Vodacom na MTN zishushe bei za data, na Aprili 2020 GB 1 ya siku 30 ya Vodacom ikatoka randi 149 mpaka 99. Msing'ang'anie tena kwamba bei haiwezi kushuka kwa amri. Tume yao ilichunguza kwa zaidi ya miaka miwili, ikaangalia hasa hilo nililoanza nalo, kwamba vifurushi vidogo vya watu maskini ndivyo vyenye bei kubwa kwa MB.

#13 Mwananzengo wa Kibondo

Ninyi wa Dar mnajadili kuchagua. Huku kijijini kwetu kuna mtandao mmoja unaoshika, na unashika ukisimama upande wa shuleni. Tuliambiwa Machi 2017 kwamba unaweza kuhama mtandao bila kubadili namba. Nihamie wapi mkuu? Mtandao wa pili unasoma "huduma za dharura pekee".

Mimi sina shida na bei ya MB wala nini. Nikijiunga bando la siku, umeme ukikatika na mnara unazima mpaka kesho. Bando la siku kwangu ni bando la saa tano au sita. Naunga mkono saa zirudishwe.

#14 Mama Vitenge

Pole baba. Hata sisi wa mjini mnara ukizima tunapanda juu ya dari.

#15 Ghorofa ya Nne

Mmeongea ya simu, niongee ya faiba ya nyumbani, maana nilidhani nikiacha bando la simu nimeokoka.

Kwanza hakuna uchaguzi. Jengo tunaloishi lina kampuni moja tu. Mwenye jengo kakubaliana nao, waya wao ndio umepita kwenye kuta, mwingine hapewi njia. Nilipouliza nikaambiwa "hiyo ni ya mwenye nyumba." Mwenye nyumba akaniambia "hiyo ni ya kampuni."

Pili neno "hadi". Mkataba unasema hadi Mbps 20. Asubuhi napata 18, sina neno. Kuanzia saa moja jioni watoto wakirudi na jengo zima likiwasha televisheni, inashuka mpaka 3. Nikipiga simu fundi anakuja kesho yake saa tano asubuhi, anapima, anapata 18, ananionesha kwenye simu yake, ananisainisha kwamba tatizo limetatuliwa. Nilimwomba aje saa mbili usiku. Akaniambia mwisho wa kazi ni saa kumi na moja.

Tatu "bila kikomo". Iko kikomo. Ukivuka kiwango fulani cha GB kwa mwezi wanakushusha kasi, wanaita sera ya matumizi ya haki. Kiwango chenyewe hakipo kwenye tangazo, hakipo kwenye kipeperushi, kipo kwenye masharti ambayo nilitumiwa kwa barua pepe baada ya kulipa. Sasa kama ni haki, kwa nini mnaificha?

Nne, mwezi unaanza siku uliyolipa. Ikikatika siku tano mwezi huo, umelipia siku tano za kuangalia taa nyekundu ya ruta. Na ruta ni yao, imefungwa, ukihama kampuni unairudisha na ukinunua yako wanasema mfumo hauitambui.

#16 Fundi Antena

Ghorofa ya Nne, hicho cha jioni si waya wako. Faiba inaweza kubeba zaidi ya hizo 20 bila jasho. Kuna mahali nyuma yenu jengo zima, pengine mtaa mzima, mnagawana bomba moja, na kampuni imeuza nafasi nyingi kuliko bomba lenyewe kwa kutegemea kwamba hamtawasha wote pamoja. Mchana mahesabu yao yanatoka. Jioni hayatoki.

Ukitaka wakusikilize, usipime kwa Wi-Fi, watakwambia ukuta wako ni mnene. Chomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta, pima saa moja, saa mbili, saa tatu usiku, siku kadhaa mfululizo, kila kipimo piga picha inayoonesha saa na tarehe. Halafu pima asubuhi pia, maana bila ya asubuhi wanasema kifaa chako kibovu. Watumie kwa barua pepe, si kwa simu.

#17 Kobe wa Tabata

Kwa hiyo wameuza viti 200 kwenye basi la watu 50 wakitegemea 150 watachelewa.

#18 Nilikuwa Ndani

Kobe, umeelewa vizuri kuliko nilivyoelewa mimi mwaka wangu wa kwanza kazini. Dunia nzima wanafanya hivyo, na kwa kiasi ni sawa, la sivyo mngelipa mara kumi. Tatizo ni kiwango, na kiwango hakisemwi.

Kuhusu malalamiko, niwape njia maana nimekaa upande wa pili wa meza. Simu ya huduma kwa wateja ni ya kukutuliza. Yule binti anapimwa kwa jinsi anavyomaliza simu haraka. Unachotakiwa kutoka naye ni namba ya kumbukumbu ya lalamiko, usikate simu kabla hujaipata. Kisha andika barua au barua pepe yenye namba hiyo, eleza tarehe, kiasi, na unachodai. Usiandike "mnatuibia", andika "nadai Sh kadhaa zilizokatwa tarehe fulani". Wasipojibu au wakikujibu ovyo, peleka TCRA na nakala ya barua hiyo. Bila ushahidi kwamba ulianza kwa kampuni watakurudisha ulikotoka. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lilianzishwa na sheria ile ile ya 2003 iliyoanzisha TCRA, kazi yake ni upande wetu sisi. Na usiporidhika na TCRA, kuna rufaa kwenye Baraza la Ushindani. Huko wafikao ni wachache sana.

Kuhusu huduma za kujiunga bila kujua, Mama Vitenge, dai orodha ya huduma zote zilizowashwa kwenye namba yako na tarehe na njia uliyojiungia. Hiyo orodha wanayo. Hawapendi kuitoa.

#19 Mama Vitenge

Nimerudi wapendwa. Nimepiga leo, nimeng'ang'ania kama alivyosema kaka hapo juu, namba ya kumbukumbu nimeipata. Huduma zilizowashwa kwenye laini yangu ni nne. Mojawapo ni dondoo za mpira wa Ulaya.

Wamezizima. Kuhusu pesa wamesema lalamiko linashughulikiwa, na kwamba nifuatilie kupitia programu yao ya simu. Nikaipakua. MB 90 na ushee, bando likakata palepale.

#20 Debe Tupu

Weka picha.